Nilivyofika Mombasa Nikiwa Ndani ya Plasta

Kama umeambiwa una TB ya mgongo, na sasa umelala chali ukiangalia dari ambayo hukuiomba, hii ni yako. Dari hiyo naijua. Nililala chini yake mpaka buibui wake wakanizoea, wakaanza kunisalimia kwa jina. Sitakueleza habari ya wadudu wa ugonjwa na mifupa. Hayo waulize wenye makoti meupe. Nitakueleza yale ambayo mimi nilitamani mtu aniambie. Daktari aliniambia tutaona. Mchungaji aliniambia tuombe. Mama mkwe aliniambia nimekonda, habari ambayo nilikuwa nayo tayari.

Jina langu ni Nzioka. Miaka ya sabini nilikuwa kwa genge la reli pale Emali. Kazi yetu ilikuwa kunyoosha reli, kubadilisha mataruma yanayolala chini yake na kushindilia kokoto, na jua la huko unalijua, linaweza kukaanga yai mfukoni. Nilikuwa na mgongo. Siku hizo mtu wa Emali akitaka kusifu punda wake alisema ana mgongo kama wa Nzioka. Jioni nilienda ngumbaru kwenye darasa la kanisa, nikakaa na wazee wenye mvi tukiimba a, e, i, o, u, na huko ndiko nilikopata kalamu hii.

Sasa, reli ilikuwa na jambo moja zuri. Kila mwaka ukienda likizo unapewa pasi: wewe, bibi yako na watoto, kwenda na kurudi popote reli inapofika, bure. Mimi nilikuwa nimelala kando ya reli ya Mombasa, nimekula kando yake, nimeipigia nyundo maisha yangu yote, na sijawahi kuuona mwisho wake. Mwaka mmoja pasi ilienda kwa mazishi ya baba, mwingine ikaenda kwa harusi ya shemeji. Treni za Desemba zilipita zikiwa zimejaa watu wa Nairobi na kofia zao za majani, wanatutupia maganda ya machungwa. Zikirudi, ukipanda behewa kufagia unakuta mchanga mweupe sakafuni. Nilikuwa naushika tu, nauacha uanguke.

Nikamwambia Mwende, binti yangu wa kwanza, na wadogo zake wawili: Desemba hii, wacha mvua inyeshe ama isinyeshe, tunaenda kuona bahari. Niliwaahidi mbele ya mama yao na mbele ya sufuria ya muthokoi. Kwetu mtu haapi mbele ya chakula halafu akageuka.

Mgongo ndio ulikuwa wa kwanza kunigeuka. Haukuwa wa mwisho.

Ulianza msimu wa kuvuna mbaazi. Kwanza kama mtu amekuwekea jiwe la moto kiunoni. Nikapaka dawa ya misuli mpaka nikawa nanuka kama duka la dawa. Zahanati ilikuwa na benchi moja refu, na foleni ilikuwa ya makalio: wa mbele akiingia, sote tunasogea, na benchi lilikuwa limelainika kama kioo kwa miaka ya kusogewa. Nilisogea benchi hilo wiki baada ya wiki, nikifika mwisho napewa vidonge vyeupe, narudi mwanzo. Usiku natoa jasho la kujaza karai. Suruali zikaanza kuniteremka. Kukatokea kinundu katikati ya mgongo, kidogo kama tunda la mkuyu, na watoto walikuwa wakikigusa wakicheka. Mimi pia nilicheka.

Siku moja tuko kazini karibu na Kibwezi, nyapara akasema tupande toroli. Wenzangu wakapanda. Mimi niliiambia miguu ipande, miguu ikakataa. Nilisimama pale kama ng'ombe aliyefika mtoni akakuta daraja limeenda. Walinibeba.

Hospitali ilikuwa ya misheni, upande wa Kitui, mwendo wa kutosha kumzeesha mtu kutoka Emali. Walinipiga eksirei, wakatazamana, wakanivika plasta kutoka kwapani mpaka kwenye mapaja. Usiombe uvikwe plasta wakati wa joto la kabla ya mvua. Kwanza inakuwa moto, halafu inakuwa baridi, halafu inakuwa yako. Inawasha mahali ambapo mkono haufiki. Nilimpenda sista mkuu wa wodi zaidi ya watu wengine wote duniani siku alipoiba sindano ya kufumia sweta ofisini akaniletea nijikune. Kama uko ndani ya plasta, tafuta sindano ya kufumia. Hiyo peke yake inatosha kukulipa kwa kusoma mpaka hapa.

Na sindano zile zingine, za dawa, zilikuja kila asubuhi. Ndefu kama nguzo za simu. Kitako kikawa ramani.

Kitanda cha pili alilala Kariuki, mfanyabiashara wa viazi aliyehamia Kibwezi kutoka Murang'a, mguu wake umefungwa mawe unaning'inia. Alikuwa na mdomo.

"Wewe mtu wa reli," aliniambia siku ya kwanza, "umevaa nyumba ya mawe. Kodi unalipa nani?"

"Namlipa yule anayekuning'iniza kama nyama ya Krismasi."

Hapo tukawa marafiki.

Mke wangu, mama Mwende, alikuja Novemba na ndugu yangu Mutua. Mutua ananifuata kuzaliwa, tumefanana sana, mpaka mama alikuwa akinipiga mimi kwa kosa lake. Daktari aliwaita kwenye koridoo. Niliona miguu yao tu chini ya pazia, viatu vya daktari, viatu vya Mutua, ndala za mama Mwende. Walisimama muda mrefu. Waliporudi, mama Mwende alikuwa amefunga kitambaa upya, na Mutua alikuwa anachangamka kuliko kawaida.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Amesema utapona," Mutua akajibu. "Amesema wewe ni ng'ombe dume."

"Na Desemba?"

"Desemba iache, kaka. Kwanza upone."

Mama Mwende akasema Desemba yote hatakuja, mvua imenyesha vizuri na shamba litahitaji palizi. Nikamwambia ni sawa, shamba halingoji mgonjwa.

Krismasi ilipita na wimbo wa wauguzi na kipande cha mkate wenye zabibu. Maembe yalianza kuiva na kila mwenye mgeni wodini aliletewa, mpaka tukanuka maembe sote. Mama Mwende alikuja Januari amebeba nazi kwenye kyondo. Akasema ameinunua kwa wachuuzi pale stesheni. Niliikumbatia ile nazi, nikapata wazo.

"Mama Mwende," nikamwambia, "watoto wamekosa bahari kwa sababu yangu. Nitawajengea."

Aliangalia sakafu. "Usijisumbue, baba Mwende."

"Nijisumbue na nini kingine? Niko na mikono miwili na mchana mzima."

Ndivyo nilivyoanza kujenga reli ya Mombasa juu ya kifua changu. Fundi seremala wa hospitali alinipa ubao, wakauegesha juu ya kitanda kama meza, na kwa kuwa nimelala chali nilifanya kazi mikono juu, kama mtu anayekamua ng'ombe aliyesimama dirishani. Reli niliikunja kwa waya wa makreti ya dawa. Mataruma yalikuwa vile vijiti ambavyo daktari anakushikia ulimi. Sista alinikusanyia, akavichemsha kwanza. Magurudumu ya treni yalikuwa vifuniko vya chupa za sindano zangu. Kila asubuhi nachomwa, kila asubuhi napata gurudumu. Siku treni ilipofikisha mabehewa sita nilijua sindano ziko karibu kwisha, na kweli ziliisha, nikabaki na vidonge peke yake, vikubwa kama mbegu za boga.

Vilima vya Emali nilivimwaga kwa plasta. Ilipobadilishwa ya kwangu, nilimwomba daktari anipe ile ya zamani, akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Ubao ulikuwa mfupi, kwa hivyo kulikuwa na Emali, kulikuwa na Kibwezi, halafu moja kwa moja bahari. Watu wa Voi wanisamehe.

Bahari ndiyo ilinitoa jasho. Fundi wa eksirei alinipa filamu zilizoharibika, na zile zikioshwa vizuri na magadi picha inatoka, inabaki karatasi ngumu yenye bluu ya mbali sana. Nikaziweka moja juu ya nyingine, chini nimepaka bluu ya kufulia. Ilimetameta mpaka Kariuki akasema ameanza kusikia baridi. Bahari yangu ilikuwa migongo ya watu. Wa kwangu ulikuwa mmoja wao.

Kariuki ndiye aliyekuwa mtaalamu wa Mombasa, maana alikuwa amepeleka viazi huko.

"Weka miavuli," alisema. "Watu wa likizo wanakaa chini ya miavuli kama vifaranga. Weka mtu wa aisikrimu na baiskeli. Weka hoteli, orofa tatu."

"Na maji yanafika wapi?"

"Maji yanafika kwa mchanga. Bahari ni bahari, Nzioka. Imejaa. Kwani umesikia imepungua?"

Nikajaza. Maji yakagusa miguu ya miavuli, ambayo ilikuwa vizibo vya soda. Mchanga aliniletea mama Mwende kwenye kopo la maziwa, mweupe, laini kama unga. Alisema ni wa mto Kiboko. Nikausifu mto Kiboko mbele ya wodi nzima. Mwisho nikatengeneza watu watano kwa waya na uzi: mama Mwende ameinua leso asilowe, watoto watatu, na mimi katikati, nimevaa kaptura na kofia ya majani, nimesimama wima. Mwezi wote huo mimi wa nyama nilikuwa siwezi hata kukaa. Lakini yule wa waya alisimama, na kila asubuhi nilimwangalia nikawaambia vidole vya miguu: mmemwona? Siku moja kidole gumba kikajibu. Nililia kama mtoto, na Kariuki akalia pia, akisingizia mguu.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Ilibidi ningoje mpaka mbaazi zivunwe tena, nivikwe koti dogo la plasta, niketishwe kwenye veranda. Likizo ya Agosti mama Mwende akawaleta. Mwende alikuwa amerefuka mpaka nikamwamkia kama mgeni. Nilikuwa nimefunika ubao kwa shuka. Wagonjwa walikuwa wamekusanyika, wauguzi pia, nafikiri hata wa wodi ya wazazi walitoroka na watoto wao wachanga. Nikavuta shuka. Nikavuta uzi. Treni ikatoka Emali, ikapita Kibwezi ikitikisika, ikafika baharini.

Watu wakapiga makofi. Wale wawili wadogo wakainama kuangalia mtu wa aisikrimu. Mwende alikuwa amekunja uso kama mwalimu anayesahihisha.

"Baba, ni nzuri sana," akasema. "Lakini maji yamejaa kila mahali."

"Ndiyo bahari, mama. Si mto wetu ukauke."

"Haikauki. Inaenda halafu inarudi. Asubuhi hakuna maji, ni mchanga tu mpaka mbali, na kaa wadogo wanakimbia upande."

"Nani amekufundisha hayo? Ni shuleni?"

"Hapana, baba. Si tulichimba. Tulichimba kisima kwa mchanga kama vile tunachimba mtoni, maji yakatoka, tukakunywa, yakawa chumvi. Watu wa hoteli walitucheka. Baba mdogo akacheka mpaka akakaa chini."

Baba mdogo ni Mutua.

Sikumwangalia Mwende, hakuwa na kosa. Nilimwangalia mama yake. Alikuwa ameshika kyondo kwa mikono miwili, na alikuwa ameangalia sakafu kama alivyoiangalia Januari.

Wagonjwa wakaanza kukumbuka vitanda vyao. Kariuki, na mdomo wake wote, mguu wake ukiwa umeshafunguliwa, aliwachukua watoto uani akawaonyesha yale mawe yaliyokuwa yameufunga.

"Lini?" nikauliza.

"Desemba."

"Ulikuwa kwa palizi."

"Nililipalilia tukirudi." Akaweka kyondo chini. "Daktari alisema hutatembea, baba Mwende. Alisema hata kuishi tusitegemee sana. Tujiandae. Mutua akasema ile pasi ni ya mwisho, ukifa ama ukifutwa reli haitatoa nyingine, na watoto wamekuwa wakiiimba mwaka mzima. Akasema afadhali waende ukiwa ungali hai, kuliko waende na kilio."

"Na Mutua alisafiri na pasi ya nani?"

Alianza kukunja ile shuka ya ubao. Jibu nilikuwa nalo. Tumefanana. Gadi wa treni akiuliza jina, ni Nzioka.

Kwa hivyo kwa vitabu vya reli, mimi nilishafika Mombasa. Nilishuka na mizigo, nikakanyaga maji, nikarudi. Na siku hizo mimi nilikuwa wodini najikuna na sindano ya kufumia.

Nimeumwa na mengi. Nge amewahi kulala kwenye kiatu changu. Lakini ninakuambia, maumivu ya mgongo yana vidonge. Waliposimama pale koridoo walinizika, wakaoga, wakaenda likizo. Na kila mgeni aliyekuja kunichekea kuanzia Novemba alikuwa amekuja matanga. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa sijaambiwa nimekufa.

Kabla hajaondoka mama Mwende alisema jambo moja. "Ule mchanga si wa Kiboko. Watoto waliubeba kwa kopo. Nilikuletea kwa sababu niliona ni wako."

Niligeuza uso ukutani. Waliporudi Emali nilimng'oa yule mtu wa kaptura baharini, nikamvua kofia, nikamvika koti la plasta, nikamsimamisha stesheni ya Emali.

Mutua alikuja mwezi uliofuata na ndizi. Siku hiyo nilikuwa natembea na magongo mawili, hatua za kuku mwenye baridi, na nilimwona akiniona. Ndizi nusura zimwanguke.

"Kaka," alisema. "Unatembea."

"Samahani kwa kukusumbua."

"Usiseme hivyo. Nilifanya kwa ajili ya watoto wako. Pasi ingeoza."

"Wangeenda na mama yao. Pasi inawaruhusu. Wewe ulikuwa na haja gani na jina langu?"

Alikaa juu ya kitanda, akamenya ndizi, akasahau kuila. "Na mimi nilikuwa sijaiona," akasema. "Nilidhani hutaihitaji tena."

Kwa mara ya kwanza alikuwa amesema ukweli, na ndio uliouma kuliko yote. Akauinamia ubao.

"Hapa mimi niko wapi?"

"Wewe uko na jina langu. Tafuta mwenyewe."

Nilitoka hospitali mvua za Novemba zilipoanza tena. Lori la Kariuki ndilo lililotubeba, mimi na bahari yangu nyuma kwenye magunia ya viazi. Vidonge niliendelea navyo mpaka mwaka mwingine ukageuka, na hapo nakuomba, wewe uliye kitandani: vimeze vyote mpaka cha mwisho, hata ukijisikia unaweza kuinua behewa. Nilimwona aliyeviacha alipoanza kunenepa. Alirudi kwenye kile kitanda, na mara ya pili hakutoka kwa miguu. Na nyinyi mlio na mgonjwa: mkiitwa koridoo, rudini mmwambie. Mgongo wake umeoza, masikio yake hayajaoza. Mimi ningejua daktari amesema sitatembea, labda ningelia wiki moja. Halafu ningempinga. Mlininyima hata ule ubishi.

Reli ilinistaafisha kwa sababu ya afya. Waliniandikia kwa heshima, wakanishukuru. Pasi zikaisha. Ya mwisho ilikuwa ile.

Sasa nina banda la kushona viatu pale Emali, karibu na njia ya Loitokitok. Mutua tunasalimiana kanisani, na akiumwa nitaenda kumwona, lakini sijamwita kula kwangu. Mama Mwende tumeishi. Hakuna siku tulikaa chini tukasema yameisha. Tulianza tu kuombana chumvi.

Ubao uko mezani pale sebuleni. Nimeurekebisha. Mwende alikuwa sahihi, kwa hivyo zile filamu za eksirei nimezifungia uzi wake, na ukivuta, maji yanaondoka polepole, mchanga unabaki mtupu mpaka mbali. Nimetengeneza na kaa, kwa mbegu za papai. Watu wanatoka mpaka Kanyangi kuja kuangalia bahari ikienda na kurudi, na aliyefika Mombasa huniambia, ndiyo, ni hivyo hasa.

Yule mtu wa plasta nilimwacha stesheni, ameipa bahari mgongo. Vumbi la Emali linaweza kuzika nyumba kwa wiki, kwa hivyo kila Jumamosi mama Mwende hupangusa ubao. Jumamosi ya kwanza nilikuta yule mtu amepandishwa kwenye treni. Nikamrudisha stesheni. Jumamosi iliyofuata, amepanda tena. Nikamrudisha. Miaka imepita namna hiyo, yeye anapandisha, mimi nateremsha, na hakuna aliyewahi kufungua mdomo juu ya jambo hilo.

Mwaka huu, mbaazi zilipoanza kukauka, nilimkuta ameketi behewa la mbele, dirishani. Nilisimama pale na gongo langu. Sikumteremsha. Nilivuta uzi kidogo, treni ikaondoka, nikasimamisha.

Kwa sasa niko Kibwezi.